Times Tower iliipita KICC kwa urefu zamani. Mbona bado KICC ndiyo sura ya Nairobi?

#1 Kamera Mkononi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mpiga picha. Mteja akisema anataka "picha ya Nairobi", iwe ya kalenda, ya bango la barabarani au ya tovuti ya kampuni, najua kabla hajamaliza kwamba anataka KICC, lile jumba la mikutano la Kenyatta lenye mnara katikati ya jiji. Hajawahi kutokea mtu akaniagiza Times Tower.

Namba zinasema vingine. KICC ina mita 105. Ilipofunguliwa 1973 ikawa jengo refu kuliko yote Kenya, na taji hilo ikakaa nalo hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Times Tower ikaja kusimama pale Haile Selassie Avenue, ghorofa 38, mita 140. Baada ya hapo wajenzi wakapanda kilima: UAP Old Mutual ya Upper Hill ina mita 163, na Britam Tower jirani yake mita 200 ukihesabu na mlingoti wa juu. Westlands nako kuna minara ya GTC (Global Trade Centre). Kwa urefu mtupu KICC imetoka kwenye tano bora, lakini washa taarifa ya habari usiku huu uone ni jengo gani liko nyuma ya mtangazaji.

Maoni yangu, na ndiyo sababu ya uzi huu: siri haiko kwenye mnara, iko kwenye uwanja. KICC iliachiwa nafasi. Ukiingia pale penye sanamu ya Mzee Jomo unaliona jengo zima, kuanzia chini mpaka kofia, bila kuvunja shingo. City Hall iko ng'ambo ya barabara, Mahakama ya Juu pale pale, Bunge hatua chache, Holy Family Basilica nayo jirani, na hakuna hata moja linaloiziba. Times Tower imebanwa na barabara. Ukiwa karibu unaona ukuta. Ukirudi nyuma ili uione yote, majengo mengine yameshaingia kwenye fremu.

Karibuni.

#2 Jirani Mwema

Siti ya mbele kabisa. Nangoja wajuzi waje.

#3 Fundi Mchundo

Mleta uzi umeanza vizuri, ila huo uwanja una historia yake.

Aliyechora ni Karl Henrik Nøstvik, Mnorwe aliyekuja Kenya 1965 kwa mpango wa misaada wa Norway, akafanya kazi na David Mutiso, Mkenya, ambaye alikuwa msanifu mkuu wa serikali. Mutiso watu humsahau sana, sijui kwa nini. Walichoagizwa mwanzoni ni makao makuu ya chama cha KANU tu, ofisi na ukumbi wa chama. Ujenzi ukaanza 1967.

Mambo yakabadilika ilipojulikana kwamba Benki ya Dunia na IMF watafanya mkutano wao wa mwaka Nairobi, Septemba 1973, mara ya kwanza mkutano huo kuja Afrika. Nairobi haikuwa na mahali pa kuwaweka wageni wale wote. Ramani ikapanuliwa. Ndiyo maana leo ukiiangalia KICC unaona vitu vitatu vilivyosimama pamoja: mnara wa ofisi, jengo pana la kumbi chini yake, na ile koni pembeni ambayo ndani yake kuna ukumbi wa ngazi. Umati wa mkutano unahitaji pa kushuka magari, pa kusimama, pa kupeana mikono, kwa hiyo nafasi ya chini haikuwa pambo.

Tarehe 24 Septemba 1973 Robert McNamara, rais wa Benki ya Dunia wakati huo, alitoa humo hotuba kuhusu umaskini uliokithiri na wakulima wadogo. Waliosoma uchumi wa maendeleo wanaijua mpaka leo kama hotuba ya Nairobi. Jengo lilikuwa limefunguliwa na Mzee Kenyatta mwezi ule ule, zege halijapoa.

Na kuhusu zege: lile lina rangi ya udongo wa kufinyanga, halihitaji kupakwa rangi kila baada ya miaka michache. Zile mbavu zinazotokeza nje zinayakinga madirisha na jua. Angalia majengo ya vioo ya siku hizi, saa nane mchana watu wameshusha mapazia na kiyoyozi kinanguruma. Hawa walikuwa wamelifikiria hilo kabla ya 1970.

#4 Mwana wa River Road

Mnapamba sana. Ngoja niharibu sherehe.

Hilo jengo lilijengwa kwa mali ya umma na likakaa mikononi mwa chama kimoja. Kodi za ofisi za kwenye mnara zilikuwa zinakwenda wapi? KANU ilikaa pale kama mwenye nyumba mpaka serikali ya muungano wa upinzani, NARC, ilipoingia, na 2003 serikali ikalichukua. Hapo Moi ameshaondoka, wanaojiita wenye jengo wamebaki bila dola. Kwa hiyo kwa miaka 30 hivi, mnara mliokuwa mnauita wa Nairobi ulikuwa wa jogoo, ile nembo ya KANU. Mwananchi wa kawaida aliutazama kutoka nje.

Tena KANU haikutosheka. 1989 walitaka kujenga mwingine, ghorofa 60, katikati ya Uhuru Park, kwa jina la Kenya Times Media Trust, na mbele yake sanamu kubwa ya Moi. Mwekezaji mmojawapo alikuwa Robert Maxwell wa Uingereza. Huo ungeimeza KICC kabisa. Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira wa Green Belt, akaandika barua kila mahali, nyumbani na ng'ambo, akauliza kwa nini bustani pekee ya watu wa kipato cha chini ikatwe. Bungeni walimtukana, wakasema ni kundi la wanawake walioachika. Green Belt wakafukuzwa kwenye ofisi yao. Lakini wafadhili wa nje wakaanza kurudi nyuma, mradi ukapunguzwa ghorofa, kisha ukafa.

Kwangu mimi alama kubwa ya Nairobi ni huo mnara ambao haupo. Nyasi za Uhuru Park unazolalia Jumapili ndiyo jengo.

#5 Jirani Mwema

Hiyo "nyasi ndiyo jengo" nimeipenda. Endeleeni.

#6 Kamera Mkononi (mleta uzi)

@Mwana wa River Road umeninyima usingizi ndugu yangu, lakini umenisaidia hoja. Uhuru Park ndiyo dirisha la kuliangalia jiji. Picha zote za miaka ya 1970 na 1980 zinazoonyesha tao, yaani katikati ya jiji, limepangika vizuri zilipigwa kutoka ule mwinuko. Wangejenga ghorofa 60 pale, tusingebaki na mahali pa kusimama kuziona hizo nyingine.

La umiliki sikatai. Ila nauliza: mbona watu hawakulichukia? Nyumba ya chama, imejengwa hivyo ulivyosema, na bado familia zilitoka Machakos na Murang'a Jumapili kuja kupiga picha pale mbele ya sanamu. Wale wapiga picha wa pale uwanjani wamesomesha watoto kwa jengo hilo. Mwanafunzi akifuzu chuo, joho halivuliwi kabla hajapitishwa KICC.

#7 Mvita Asilia

Assalam aleikum jamani. Nyinyi watu wa bara mwabishana kwa urefu, sisi Mombasa alama yetu ni Pembe, yale mapembe ya ndovu yavukayo barabara, na hata ghorofa tatu hazifiki. Zipo pale Moi Avenue tangu enzi za Mwingereza, ni mabati yaliyokunjwa, na mtu yeyote ukimwambia mkutane Mapembeni hapotei. Mgeni akishuka, hata hajala, ashataka apigwe picha chini yake. Hivyo hoja ya urefu naona mwaizungumza bure.

Langu swali: huko kwenu mtu akisema "nipate KICC" humwenda kumngoja wapi? Maana huo uwanja musemao ni mkubwa, mwatafutana saa nzima.

#8 Mzee wa Kencom

Mvita umeuliza swali la maana kuliko wote hapo juu.

Vijana, hakuna mtu anayekutana na mwenzake KICC. Mimi nimeshinda tao tangu nikiwa kijana wa kubeba bahasha za ofisi. Watu hukutana Archives, pale kwa Tom Mboya. Hukutana Ambassadeur, Odeon, GPO, Afya Centre, Kencom. Hebu angalieni hiyo orodha: Kencom House ni ofisi za benki, Afya Centre ni jengo la ofisi. Hayana sifa ya usanifu, hakuna mtalii anayeyapiga picha, lakini kondakta akiyataja basi zima linajua linashukia wapi. Hiyo ndiyo alama ya mji kwa mtu anayetembea kwa miguu.

Na ukitaka kujua jengo limeingia kwenye damu ya mji, lifunge uone. Hilton ilifungua milango 1969, ule mnara wa mviringo, ikafunga mwisho wa 2022. Nani ameacha kusema "tukutane Hilton"? Hakuna hoteli lakini mahali papo.

KICC hutembelewa, watu hawakutani pale. Kule kuna geti, kuna mlinzi, kuna kupekuliwa mkoba. Mfanyakazi wa tao anapita nje yake miaka kumi bila kuingia.

#9 Binti wa Kigamboni

Shikamoo Mzee wa Kencom. Naomba niongezee kutoka Dar, maana hali ni hiyo hiyo.

Kwetu sasa hivi ukivuka na pantoni kutoka Kigamboni asubuhi, kinachokupokea ni ghorofa. Pale Sokoine Drive kuna majengo pacha yaliyojengwa na PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na jirani yake jengo la Mamlaka ya Bandari, yote marefu mno, vioo vitupu. Ukiwa katikati ya maji yanapendeza sana, hata mimi nimeshapiga picha. Ukishashuka Magogoni ukaingia mjini yanapotea! Huyaoni tena. Daladala haisemi "pacha". Inasema Posta, Mnazi Mmoja, Kariakoo. Na mgeni unamwelekeza kwa Sanamu ya Askari, ile ya 1927, ambayo mtu mrefu akinyoosha mkono hakosi kulifikia jiwe lake. Imesimama katikati ya mzunguko wa barabara Samora na Azikiwe, kila gari lazima liizunguke.

Halafu jambo lingine. PSPF yenyewe iliunganishwa 2018 ikawa PSSSF, ila watu wanayaita majengo ya PSPF vile vile. Ghorofa limeishi kuliko mfuko wake.

Kwa hiyo naona mleta mada yuko sahihi nusu. Nafasi wazi inasaidia jengo kuonekana. Lakini kuonekana ukiwa mbali na kukuelekeza ukiwa chini ni kazi mbili, na jengo linaweza kuiweza moja tu.

#10 Fundi Mchundo

Binti umeeleza vizuri, na naomba nikazie upande wa KICC kuonekana ukiwa mbali, kwa sababu hapo ndipo inapoanza kushindwa.

Upper Hill iko juu kuliko tao. Kwa hiyo jengo la mita 160 pale linaanza kwa faida ya kilima. Zamani ile picha maarufu ya twiga ndani ya Nairobi National Park na jiji nyuma yake, KICC ilikuwa ndiyo inayotokeza. Siku hizi macho yanakwenda kwanza Upper Hill. Na kuna wakati ilitangazwa pale The Pinnacle, ya zaidi ya mita 300. Rais Uhuru alizindua ujenzi 2017, ukakwama kwenye kesi. Ungesimama, KICC ingebaki kutafutwa kwenye picha.

Sababu ya kuhama tao zinajulikana: viwanja vimekwisha, maegesho ni vita, na mwenye mradi anataka kiwanja kipana ambacho hana wa kubomoa. Tatizo ni kwamba Upper Hill wamejenga kila mtu na ua wake. Ukuta, geti, kizuizi cha gari, ukuta mwingine. Britam Tower kwa usanifu ni jengo zuri, lina umbo lake huwezi kulichanganya na lingine. Nitajie mtu aliyetoka Kitui na familia kwenda kupigia picha mbele yake.

#11 Mwana wa River Road

Mbona hakuna anayetaja Nyayo House? Au tunataja mazuri tu?

Ghorofa 27, kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, lilikamilika 1983. Kila Mkenya analijua, maana pasipoti zimetolewa humo miaka nenda rudi. Limesimama kwenye makutano makubwa kabisa ya jiji, huwezi kuingia kutoka Westlands bila kulipita. Kwa kanuni za mleta uzi lingekuwa nembo ya Nairobi.

Na chini yake kulikuwa na vyumba vya mateso. Watu waliotuhumiwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali ya Moi, walifungiwa mle miaka ya 1980, wakamwagiwa maji, wakanyimwa chakula, na juu ya vichwa vyao makarani wanagonga mihuri. 2003 serikali mpya ilifungua milango, wahanga wakaingia kuonyesha walikokaa. Baadaye mahakama iliwapa wengi wao fidia.

Hiyo nayo ni alama ya jiji. Hamtaiona kwenye kalenda.

#12 Mzee wa Kencom

Umesema kweli mwanangu. Sisi wa rika lile tulikuwa tukilipita kwa ng'ambo ya pili ya barabara. Hatukuwa tunajua hasa kuna nini, lakini tulijua.

#13 Kamera Mkononi (mleta uzi)

Nyayo House inanilazimu nibadilishe mpangilio wa hoja. Basi niseme hivi: nafasi wazi hulifanya jengo lionekane, lakini kinachotokea mle ndani na pale mbele ndicho kinachoamua litaonekana vipi.

KICC imepitia mambo. Shirika la mazingira la UNEP lilipokuja Nairobi lilianzia humo kabla ya Gigiri. 1985 mkutano wa tatu wa wanawake wa Umoja wa Mataifa ulifanyika humo. Mkutano wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) 2015, ule wa Japani na Afrika (TICAD) 2016, mkutano wa tabianchi wa Afrika 2023. Lakini pia Desemba 2007. Mnaokumbuka, mnakumbuka. Kura zinajumlishwa KICC, mawakala wanapigiana kelele, askari wanaingia ukumbini, Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, anaondolewa, matokeo yanasomwa mbele ya kamera za KBC, shirika la utangazaji la serikali, peke yake, na usiku ule nchi ikawaka. Uchaguzi uliofuata walihamishia hesabu ya kura Bomas, ukumbi mwingine wa Nairobi. Jengo likabaki na kumbukumbu hiyo, na bado halikugeuka Nyayo House.

Kwa nini? Mimi nadhani ni kwa sababu mambo yake, mabaya na mazuri, yalitokea watu wakitazama.

#14 Fundi Mchundo

Ongeza noti. Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ilikataza sura ya mtu kwenye pesa. Noti mpya zilipotoka 2019 Benki Kuu ikaweka KICC mbele ya noti zote tano, kuanzia hamsini hadi elfu. Watu wakaangalia vizuri wakaona sanamu ya Mzee Jomo ipo pale pale mbele ya jengo. Mwanaharakati Okiya Omtatah akaenda mahakamani kusema sura imerudi kwa mlango wa nyuma. Mahakama haikukubaliana naye. Noti zinatumika.

Kwa hiyo ukiuliza nani aliifanya KICC kuwa alama, jibu mojawapo liko mfukoni mwako sasa hivi. Mtoto wa Mandera ambaye hajakanyaga Nairobi anaijua.

#15 Mwana wa River Road

Na walitaka kuiuza! Novemba 2023 ilikuwa kwenye orodha ya mashirika ya umma ya kubinafsishwa. Kesi ikaenda, na 2024 Mahakama Kuu ikaitupa ile sheria ya ubinafsishaji. Kati ya mashirika yote ya orodha ile, watu walipigia kelele KICC kuliko mengine yenye faida kubwa zaidi. Mimi mwenyewe, na maneno yangu yote hapo #4, nilikasirika. Lilipochukuliwa kutoka kwa jogoo lilikuwa limerudi kwetu. Sasa tena liende kwa nani?

#16 Jirani Mwema

Kumbe unalipenda 😂

#17 Mwana wa River Road

Nimesema nilikasirika. Sijasema nalipenda.

#18 Mvita Asilia

😂😂 Haya jamani. Mimi naja Nairobi mwisho wa mwezi inshallah na watoto. Huko juu watu huruhusiwa kupanda, au ni ya wakubwa tu? Na ule mkahawa wa kuzunguka bado wazunguka?

#19 Kamera Mkononi (mleta uzi)

Watu hupanda kaka, kwa tiketi, na mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni. Beba kitambulisho, na hakikisha siku hiyo hakuna mkutano mkubwa, maana wageni wa serikali wakiwepo juu hufungwa. Mkahawa ulibuniwa uzunguke, lakini usiwaahidi watoto hilo. Lifti itakufikisha karibu na juu, halafu kuna ngazi za kumalizia hadi kwenye kiwanja cha helikopta.

Panda saa nne asubuhi, kabla ukungu wa moshi wa magari haujatanda. Upande wa kusini utaona mbuga, ndege zikishuka Wilson. Upande wa magharibi Uhuru Park na Upper Hill nyuma yake. Kukiwa kweupe sana, kaskazini utaona Mlima Kenya. Times Tower utaiona pia, na hapo ndipo inapopendeza, nimeshaipiga mara nyingi kutoka juu pale. Wapiga picha wa uwanjani wakikufuata mpe mmoja kazi, bei mnapatana kabla hajabofya.

#20 Mzee wa Kencom

Na mkishuka njooni Kencom mnywe chai. Msiniambie nije niwangoje uwanjani.